Chanzo cha Tatu

Hakuwa na miwani yake mwenyewe. Aliyovaa ilikuwa ya marehemu mumewe, na mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa uzi. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kulia. Hakuwa na cheti cha shule yoyote, wala picha aliyopigwa kabla ya kufikisha miaka thelathini, wala karatasi hata moja iliyobeba jina lake na jina la kiwanda pamoja. Hakuwa na mtu wa kumwachia binti yake mchana, ila jirani mmoja asikiaye kwa sikio moja tu. Na Jumanne hiyo Yang Malsun, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya kati ya jioni, alikuwa amepungukiwa na kitu kingine tena. Hakuwa na vyanzo vitatu.

"Vyanzo vitatu," alirudia Mwalimu Horiuchi akiandika ubaoni. "Kutoka maktaba. Vilivyochapishwa. Bila hivyo, hiyo siyo kazi ya utafiti wa sayansi, ni soga."

Mwalimu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye chaki kwenye mikono ya koti. Meza walizokalia zilikuwa za watoto wa mchana, na ubavuni mwa kila meza ulining'inia mfuko wa viatu vya mazoezi wenye jina la mwenyewe. Malsun alikaa upande upande, maana magoti yake hayakuingia chini.

"Mwalimu," alisema Mzee Gibo kutoka nyuma, mtu wa visiwa vya kusini aliyebeba zege miaka arobaini, "mimi nachunguza ukungu wa mkate. Huu hapa, nimeuleta kwenye mfuko. Haujawa chanzo bado?"

"Hicho ni kielelezo, mzee wangu."

"Basi mimi mwenyewe. Nimeula sana wakati wa vita na bado nipo, na sauti ninayo."

"Sauti tunaijua!" mama mmoja alidakia, na darasa zima likacheka.

Malsun hakucheka. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake alikuwa ameandika swali lake kwa herufi kubwa, akafuta, akaandika tena: Vumbi la pamba ya jiwe hukaa miaka mingapi ndani ya kifua cha mtu? Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimefanya kazi kiwanda cha pamba ya jiwe miaka kumi na tisa. Nikiandika niliyoyaona, si inatosha?"

"Unaweza kuyaandika kwenye utangulizi, Bibi Yang. Lakini kumbukumbu si chanzo. Mtu husahau, mtu huchanganya mambo. Kilichochapishwa hakibadiliki."

Hakubishana naye. Wiki tatu nyuma alikuwa amekwisha kuambiwa hivyo hivyo na mdomo mwingine.

Siku hiyo Bwana Nishiwaki wa ofisi ya kazi alikaa kwenye meza fupi ya nyumbani kwake, mkoba juu ya mapaja, chai ikimpoa mbele yake bila kuigusa. Nyuma ya mgongo wake Fumie, binti wa pekee wa Malsun, alikuwa ameegemea mito mitatu, mpira wa oksijeni puani. Mashine ya hewa ilipumua kwa niaba yake. Fumie alikuwa na miaka hamsini na hakuwahi kuajiriwa kiwanda chochote. Alikuwa mshonaji wa sare za shule mpaka kifua kilipomkatalia.

"Mama Yanagawa," alisema Nishiwaki, maana faili lake lilikuwa na lile jina la Kijapani ambalo Malsun alilitumia kutafutia kazi na nyumba. "Nawaonea huruma, nakuambia kweli. Lakini mtoto mchanga si mfanyakazi. Ili binti yako atambuliwe na kulipwa fidia, lazima yawepo maandishi yanayoonyesha kwamba alikuwa ndani ya kiwanda, na kwamba vumbi lilikuwepo wakati huo. Ofisi yetu haina kumbukumbu yoyote."

"Nilimlaza kwenye kikapu, kando ya mashine yangu. Wote tulifanya hivyo. Tungewaacha wapi?"

"Hayo ni maneno, mama. Maneno hayaingii kwenye faili."

"Na hiki kifua chake? Nacho ni maneno?"

Nishiwaki alitazama saa. Aliacha fomu ya kurasa nne na kusema irudishwe kabla ya mwezi kwisha.

Basi Malsun aliikunja fomu ile, akaitia ndani ya daftari la sayansi. Mwalimu alitaka chanzo, ofisi ilitaka maandishi. Aliona ni safari moja tu.

Chanzo cha kwanza alikipata asubuhi ya kwanza, kwenye upande wa watoto: ensaiklopidia yenye picha, ambayo kila kanji, ile herufi-picha ngumu, ilikuwa na matamshi yake juu yake kwa kana, herufi ndogo za sauti. Ilieleza jiwe ambalo ukilipasua linatoa nyuzi laini kama pamba, nyuzi zisizoungua wala kuoza. Cha pili kilikuwa kitabu cha magonjwa ya kifua, chenye picha ya pafu lililokauka kama sifongo la jikoni. Cha tatu hakikuwepo. Alipekua historia ya mji, juzuu mbili nene. Viwanda vya pamba ya jiwe vilipewa nusu ukurasa na picha ya wenye viwanda saba, wamevaa suti. Maelezo chini ya picha yalisema kwamba hawa ndio waliouletea mji wetu ustawi.

Alikwenda kaunta. Mkutubi, Bi Kuwabara, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kunong'ona hata pale isipobidi.

"Kuhusu viwanda vya hapa hapa, bibi? Kwenye kompyuta hamna kitu." Alifikiri. Kisha akaenda kwenye makabati ya zamani ya kadi, akavuta droo moja, ya pili, ya tatu. "Ngoja. Kuna ripoti moja, iko ghalani chini. Uchunguzi wa afya katika viwanda vya nyuzi. Ina nusu karne hii! Sidhani kama kuna mtu amewahi kuiomba. Inabidi kujaza karatasi ya maombi. Nikujazie?"

"Nitajaza mwenyewe."

Alijaza. Jina la kitabu peke yake lilikuwa na kanji kumi na nne, na kila moja aliinakili kistari baada ya kistari huku akiikodolea macho kadi. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alikohoa, akahema, mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Bibi, wenzio tuna kazi."

"Na mimi niko kazini," alisema Malsun, bila kugeuka.

Ripoti ililetwa juu ya kitambaa. Karatasi zake zilikuwa kahawia, zimefungwa kwa kamba nyeusi, na pembe zilimomonyoka kama biskuti. Bi Kuwabara alisema kuitia kwenye mashine ya kutoa nakala haiwezekani, ingekatika vipande. Kutoka nayo nje hairuhusiwi, wala kalamu ya wino. Anakili kwa mkono, kwa penseli, kwenye meza ile ya dirishani.

Malsun alikuja siku nne. Jirani alikaa na Fumie. Yeye alikaa na kamusi. Kila ukurasa ulikuwa na maneno kumi na tano, ishirini, asiyoyajua, na aliyatafuta moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Siku ya kwanza alisoma orodha ya viwanda vilivyopimwa. Cha Mukai kilikuwa cha tatu. Aliliwekea kidole jina lile na kukiacha pale. Cha Mukai ndicho alichoanzia kazi akiwa na miaka kumi na tano, ndani yake hewa nyeupe hata mwenzako wa mashine ya pili humwoni, unamjua kwa kikohozi.

Siku ya pili alifika kwenye jedwali la wafanyakazi. Hawakuandikwa kwa majina bali kwa namba. Kwenye namba ishirini na nane penseli yake ilisimama.

Mwanamke, miaka 22, Mkorea, mashine ya kuchambulia nyuzi. Ana mtoto wa kike wa miezi minane, hulala ndani ya kikapu hatua moja kutoka kwenye mashine. Mama: kivuli hafifu, pafu la kushoto. Mtoto: hakupimwa.

Aliisoma mara tatu. Akalikumbuka lori la eksirei lililoegeshwa uani, na daktari mwenye viatu vya kung'aa aliyewaambia wanawake kwamba wanapimwa kifua kikuu tu, wasiogope. Daktari huyo alimpa mtoto peremende ya maziwa. Mtoto hakuwa na meno. Malsun aliila mwenyewe, akaona aibu.

Kifua kilimjaa furaha ya ajabu. Mwanamke mmoja, na kikapu kimoja, kwenye karatasi iliyochapishwa. Jioni ile alirudi nyumbani akikaza mwendo kama msichana.

"Umepata?" aliuliza Fumie kabla hajavua viatu.

"Nimekupata wewe. Umeandikwa. Uko kitabuni, mwanangu."

"Wameniandikaje?"

"Miezi minane. Ndani ya kikapu."

Fumie alitabasamu nyuma ya mpira wa puani. "Tayari nilikuwa mzembe, nalala kazini."

Siku ya tatu ilikuwa na mvua. Malsun alinakili: Wafanyakazi wa kiwanda cha Mukai, 46. Wasiojua kusoma wala kuandika, 31. Alipiga hesabu ya nyuso. Akina dada wote wa Kikorea, akina mama waliotoka milimani, Okgi aliyekufa akitapika damu, mapacha wa nyumba ya kisimani. Ndiyo, thelathini na mmoja, na yeye akiwemo.

Kurasa mbili mbele aliandika: Wafanyakazi wote wamejulishwa kwa maandishi juu ya hatari ya vumbi hili. Tangazo limebandikwa ukutani, karibu na mlango wa choo cha wanawake. Nakala imeambatishwa.

Akafungua ukurasa.

Aliitambua kabla hajasoma hata neno moja. Karatasi nene, pana, yenye ukingo mwekundu kuizunguka yote, na muhuri wa duara chini kushoto. Rangi ilikuwa imepauka lakini ukingo ulikuwa ule ule.

Ilikuwa majira ya baridi. Upepo ulipenya kwenye matundu ya kikapu na mtoto alikohoa mchana kutwa. Wakati ule karatasi haikuwa kitu cha kuokota njiani; gunia lililobeba pamba ya jiwe lenyewe walilikung'uta, wakalifua na kulishonea nepi. Tangazo lilikuwa limekaa ukutani siku tatu. Malsun, mtu wa adabu, hakulibandua hivi hivi. Alimwendea msimamizi.

"Bwana msimamizi, ile karatasi ya pale chooni bado ina kazi?"

Msimamizi alicheka. "Chukua tu. Imeshabandikwa, kazi yake imekwisha."

Alilikunja mara mbili, akalitandika chini ya mtoto. Liliziba upepo vizuri. Mtoto alipogeuka akapata pembe yake, akainyonya, na midomo yake ikawa myekundu. Wanawake wa mashine za jirani wakaja kutazama, mmoja mmoja, wakashika mbavu. Ona mrembo huyu, walisema. Amejipaka, anakwenda kwenye dansi. Kikapu kilikaa hivyo mpaka majira ya kupanda mpunga.

Sasa alifungua kamusi. Tangazo lilikuwa na mistari mitano, na mistari mitano ile ilimchukua saa nzima.

Vumbi la kiwanda hiki. Huingia kifuani. Halitoki. Hata kidogo chake huua baada ya miaka mingi. Watoto wachanga wasiingizwe humu kwa hali yoyote.

Neno la "wachanga" alilitafuta mara mbili, ili asikosee.

"Bibi?" Bi Kuwabara alikuwa amesimama kando yake. "Kuna nini?"

"Nimevunja penseli."

Mkutubi alimletea nyingine, akakaa kidogo, akaona alipofika. Aliinama, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, akamwonyesha kwa ncha ya kucha. Palikuwa na orodha ya waliopelekewa ripoti. Nakala ya kwanza: ofisi ya kazi. Ya pili: chama cha wenye viwanda. Ya tatu: maktaba ya mji.

"Andika na namba hii ya rafu," alinong'ona. "Wakisema hawana, waje wasome hapa."

Siku ile Malsun hakukaza mwendo. Alinunua figili asiyoihitaji. Alizunguka kupitia mtoni. Nyumbani aliweka daftari juu ya meza, akaenda jikoni, akakata figili, kwa muda mrefu. Aliporudi Fumie alikuwa amelifungua daftari magotini. Malsun alimtazama akisoma mwandiko wa mama yake, ule mwandiko mkubwa wa mtoto wa darasa la kwanza, mpaka mstari wa mwisho.

"Mama. Hii karatasi ya ukingo mwekundu."

"Ndiyo."

"Ndiyo ile ya hadithi ya mdomo mwekundu? Ile unayoisimulia kila mwaka mpya?"

Malsun alikaa chini. "Ilikuwa nene," alisema. "Ilikuwa inaziba upepo."

Fumie alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka Malsun akampandishia hewa ya mashine na kumsugua mgongo. Mifupa ya mgongo ule aliihesabu kwa vidole.

"Nilizilalia," alisema Fumie alipopata pumzi. "Miezi yote ile... nilizilalia habari zangu mwenyewe."

"Nisamehe."

"Usianze, Mama. Chakula kiko wapi?"

Ijumaa ya wiki iliyofuata utafiti ulibandikwa ukutani, nyuma ya darasa, kati ya ukungu wa Mzee Gibo na mchoro wa kupatwa kwa mwezi. Mwalimu Horiuchi aliusoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Vyanzo vitatu," alisema hatimaye. "Vyote vimeandikwa sawasawa, mpaka namba ya rafu. Ila, Bibi Yang... swali lipo, njia ipo, matokeo yapo. Hitimisho umeliacha wazi."

"Sijalipata, Mwalimu."

"Hitimisho halitafutwi maktaba. Ni wewe unafikiri nini."

"Si ulisema ninayofikiri si chanzo?"

Mzee Gibo alikuwa amesogea karibu, uso umeelekea kwenye ile karatasi, midomo ikimchezacheza kwa kusoma. Kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa na mzaha.

"Dada," alisema, "uliiandika vizuri sana."

Ilibaki fomu. Malsun aliijaza yote mpaka swali la saba. Swali la saba liliuliza: Je, mwombaji, au mzazi wake, aliwahi kujulishwa juu ya hatari ya vumbi? Chini yake yalikuwa maneno mawili ya kuzungushia duara, Ndiyo na Hapana. Alipiga simu ofisini.

"Swali la saba," Nishiwaki alisema. "Ukiweka Ndiyo, maana yake mlijulishwa, na mkaendelea kumpeleka mtoto kwa hiari yenu. Hapo sina la kukusaidia."

"Na Hapana?"

"Hapana inawezekana. Lakini ushahidi wako ni upi, kwamba mtoto alikuwa mle ndani?"

"Ripoti. Nakala ya kwanza mlipewa ninyi."

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Ripoti hiyo hiyo yenye tangazo?"

"Hiyo hiyo."

"Basi, mama, ripoti haikatwi vipande. Kama inasema mtoto alikuwepo, inasema pia kwamba mlijulishwa."

"Tulikuwa hatujui kusoma. Na hilo limeandikwa. Thelathini na mmoja."

"Nakuelewa. Lakini fomu haina sehemu ya hilo."

Alikaa mbele ya fomu ile mpaka mvuke wa wali ukaisha. Fumie alikuwa amekula vijiko viwili na kusukuma bakuli.

"Weka Hapana," Fumie alisema, macho ameyafumba. "Usiambatishe chochote. Waambie hujui."

"Halafu wewe utakuwa hukuwepo."

"Nipo hapa, Mama."

"Pale. Utakuwa hukuwepo pale."

Mashine ilipumua. Malsun alishika penseli, akaiweka, akachukua kalamu ya wino. Alizungushia duara Ndiyo. Ukingoni, mahali ambapo hapakuachwa nafasi ya kuandika chochote, alianza kuandika kwa herufi ndogo kuliko alizowahi kuandika, na nafasi ilipokwisha aliizungusha karatasi na kuendelea kwenye ukingo wa juu, na wa kushoto, na wa chini, mpaka maandishi yake yakaizunguka fomu yote: Niliambiwa. Tangazo nililiona kila siku. Sikujua kusoma, na waliolibandika walijua kwamba sijui. Nililiomba, wakanipa. Nililitandika chini ya mtoto ili asipate baridi.

Alitia sahihi Yang Malsun. Akaambatisha kurasa tisa za penseli, na namba ya rafu.

Gundi ya shule ilikuwa ndani ya begi, lakini mkono wake ulikwenda ulikozoea. Alichukua punje za wali uliopoa kutoka kwenye bakuli la Fumie, akaziponda kwenye mdomo wa bahasha, akaufunga, akaukandamiza kwa kidole gumba na kuhesabu mpaka mia moja.

Sanduku la posta lilikuwa kwenye kona, ng'ambo ya duka la pombe. Ubavuni lilikuwa na kitangazo kidogo cha saa za kuchukua barua, kimepauka kwa jua, hakuna anayekitazama. Malsun alivaa miwani ya mumewe. Alikisoma chote, mstari kwa mstari, mpaka mstari wa mwisho, akarudia tena juu kuhakikisha hakuruka neno. Kisha akaitumbukiza barua.